Bei Ina Mkia: Kuala Lumpur kwa Msafiri wa Shanta



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, na juu ya namna msafiri wa shanta, yaani yule atembeaye na begi moja mgongoni na akiba ndogo mfukoni, anavyoweza kuufaidi mji huo bila kurudi nyumbani na deni. Ombi hilo limenifurahisha, kwa sababu naupenda mji ule. Limenitia haya pia, kwa sababu huyu anayesimama mbele yenu kufundisha habari za bei aliwahi kula samaki mmoja mjini humo kwa fedha iliyozidi matumizi yake ya siku nzima. Niruhusuni nianze na samaki huyo.

Ilikuwa jioni ya pili ya safari yangu ya kwanza. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumejipangia ringgit 90 kwa siku kwa kila mtu, malazi yakiwa ndani yake. Tuliketi katika mtaa wa vyakula, meza zimefurika hadi barabarani, moshi wa mishikaki unapaa, na mbele yetu samaki wamelazwa juu ya barafu. Nikamnyooshea kidole mmoja. Kando yake palikuwa na kibao kilichoandikwa 12. Ringgit 12 kwa samaki mzima mwenye mwili ule! Nilimtazama mwenzangu kama mtu aliyeokota dhahabu. Samaki akaletwa, amechomwa ndani ya jani la mgomba, mtamu wa ajabu, tukamla hadi mifupa. Kisha ikaja bili: samaki, ringgit 108. Niliinuka kwa hasira, nikarudi kwenye kile kibao. Chini ya ile 12, kwa maandishi madogo kama sisimizi, paliandikwa gramu 100. Samaki wetu alikuwa na gramu 900.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba muuzaji yule hakunidanganya. Bei ilionyeshwa, kipimo kiliandikwa, mizani ilikuwa pale pale kando ya barafu. Mimi ndiye niliyesoma namba nikaacha neno. Katika kazi yetu mnunuzi huitwa mlaji, na usiku ule nilikuwa mlaji kwa maana zote mbili. Nililipa mimi, kwa kuwa kidole kilikuwa changu, na safari ya Melaka tuliyoipanga kwa ajili ya kesho yake tukaifuta. Mji wa Melaka nimeuona miaka mingi baadaye.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema kwamba bei ina mkia. Namba unayoiona ni kichwa tu. Mkia ni yale maneno yanayofuata: kwa gramu ngapi, kwa kilo au kwa tunda, kwa mtu au kwa chumba, kabla ya kodi au baada yake, kwa fedha ya nani. Kuala Lumpur si mji wa ghali. Kwa mji wenye treni na majumba ya aina ile, ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Msafiri wa shanta anayefilisika pale mara nyingi amefilisiwa na mikia, na kila mkia ulikuwa umeandikwa mahali fulani.

Mkia wa kwanza unaweza kukupata ukiwa bado kwenu. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mgeni anayeingia Malaysia hujaza kadi ya kuwasili kwa njia ya intaneti, iitwayo MDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Kadi hiyo ni bure. Narudia kwa sababu ya yatakayokukuta ukiitafuta kwa pupa usiku wa safari: ni bure. Zipo tovuti zenye nembo za kupendeza na rangi za kiserikali zinazokujazia kadi hiyo na kukutoza makumi ya dola. Ingia katika tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Malaysia yenyewe, soma anwani herufi kwa herufi, na mahali popote utakapoombwa namba ya kadi ya benki kwa ajili ya MDAC, toka. Hakikisha pia kwamba pasipoti yako ina uhai wa miezi sita mbele na kwamba unacho cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Malaysia hukidai kwa watokao katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Kama utaunganisha safari kwa ndege za nauli nafuu, pima begi lako nyumbani. Kikomo cha kawaida cha mzigo wa mkononi katika ndege hizo ni kilo saba, na kilo ya nane ikigunduliwa mlangoni mwa ndege huweza kuwa na nauli yake yenyewe.

Kitu kimoja msinunue kabisa: kibadilishi cha plagi. Malaysia hutumia plagi ile ile ya miguu mitatu bapa tuliyoizoea hapa kwetu, na magari hupita kushoto kama yetu. Waingereza waliacha mambo mengi njiani, na mawili hayo angalau yanatupunguzia gharama.

Uwanja wa ndege wa KLIA uko Sepang, zaidi ya kilomita 50 kusini mwa mji. Treni ya moja kwa moja, KLIA Ekspres, hukufikisha kituo cha KL Sentral kwa dakika 28, na nauli yake ya ringgit 55 inajulikana kila mahali. Wageni wengi huichukua kwa imani kwamba treni ni usafiri wa maskini. Basi hukupeleka kituo kile kile kwa takribani robo ya fedha hiyo, ingawa utakaa njiani saa nzima au zaidi. Sasa tazameni mkia: ringgit 55 ni kwa mtu. Mkiwa wawili ni 110, mkiwa watatu ni 165. Gari la kuitwa kwa simu hutozwa kwa gari, si kwa kichwa, na watu watatu wakigawana nauli yake mara nyingi kila mmoja hulipa chini ya nusu ya bei ya treni. Kampuni ya Grab, iliyoanzia Malaysia hiyo hiyo mwaka 2012, huonyesha bei kwenye simu kabla hujakubali, na kwa mgeni jambo hilo lina thamani kuliko punguzo lolote. Teksi za kawaida zina mita. Dereva akikwambia mita imeharibika, mshukuru, ushuke.

Juu ya fedha nitasema kwa kirefu kidogo. Ringgit moja ni sen 100, na katika miaka ya karibuni dola ya Marekani imekuwa ikipata takribani ringgit nne, ikipanda na kushuka. Msitarajie kubadilisha shilingi kule. Chukueni dola safi, zisizochanika wala kuandikwa, maana noti yenye alama hukataliwa au hupewa kiwango cha chini. Pale uwanjani badilisha kiasi cha nauli na chakula cha usiku tu. Maduka ya kubadilisha fedha katika majumba ya maduka ya mjini hutoa zaidi, nayo hutakiwa kuwa na leseni ya Bank Negara Malaysia. Hesabu noti zako mbele ya dirisha, kabla hujageuka.

Kwa wenye kadi, mkia umejificha katika swali la adabu. Mashine ya ATM, au mashine ya malipo dukani, itakuuliza kama ungependa kutozwa kwa fedha ya nchini kwako badala ya ringgit. Swali hilo linaonekana kama hisani. Ukikubali, kiwango cha kubadilisha hupangwa na upande wa mashine, nacho kwa kawaida ni kibaya kuliko kile ambacho benki yako ingekupa. Chagua ringgit kila mara. Nimemwona kijana aliyebonyeza kitufe kile mara sita katika wiki moja kwa sababu tu jina la fedha ya kwao lilimpa utulivu wa moyo.

Malazi ya shanta yamejaa karibu na Mtaa wa Petaling, katika mji wa Wachina, na upande wa Bukit Bintang. Kitanda cha bweni hupatikana kwa ringgit 40 hadi 60, chenye kiyoyozi, kabati la kufunga na mara nyingine kifungua kinywa. Mkia upo hapa pia. Tangu Septemba 2017 Malaysia hutoza kodi ya utalii ya ringgit 10 kwa usiku kwa mgeni asiye raia, na kwa desturi hulipwa pale mapokezi, nje ya bei uliyoiona kwenye programu. Kisheria kodi hiyo ni ya chumba kwa usiku, si ya kichwa. Kwa hiyo ukilala bwenini na watu wanane, uliza kwa upole inavyohesabiwa, na uombe risiti inayoitaja kwa jina. Zipo hosteli pia zinazodai amana ya ufunguo au ya taulo. Toa amana ya fedha, pokea karatasi yake, lakini usiache pasipoti yako kuwa rehani ya taulo.

Nguo zako utazifua wapi? Mitaani utaona vibao vya DOBI, na hukukosea kusoma. Neno ni letu na ni lao, sote tuliazima kwa Wahindi. Nyingi za dobi hizo hazina mtu: unatia sarafu, mashine inafua. Hili la maneno ndilo lililonifanya niupende mji ule kwa haraka. Mmalay hukuamkia kwa apa khabar, nawe unasikia habari ndani yake. Sabuni huiita sabun, dunia ni dunia, wakati ni waktu, na meza tuliyopewa na Wareno wao huiita meja. Katika Uwanja wa Merdeka, pale bendera ya Mwingereza iliposhushwa usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1957, mzee mmoja alinielekeza mlingoti mrefu akisema bendera, bendera, akidhani ananifundisha neno jipya. Nami nikamwachia furaha yake.

Ongezeni juu ya maneno hayo machache ya sokoni. Berapa ni kiasi gani. Harga ni bei, nalo laweza kuwakumbusha gharama. Sekilo ni kwa kilo, sebiji ni kwa kimoja, seratus gram ni kwa gramu mia moja, na hilo la mwisho mimi nimelisoma kwa ada ya ringgit 108. Ukisema semua sekali berapa, umeuliza jumla ya vyote kwa pamoja, kichwa na mkia. Wauzaji hawachukizwi na swali hilo. Wenyeji wenyewe huuliza.

Sasa tule. Hapa ndipo Kuala Lumpur inapomfanya maskini ajione sultani. Katika kila mtaa kuna mkahawa wa mamak, yaani wa Waislamu wenye asili ya Kitamil, na mingi haifungi usiku wala mchana. Roti canai ni nduguye chapati yetu, ila huyu amerushwa hewani na kukunjwa mpaka akawa na matabaka kama kitabu. Huja na bakuli la mchuzi wa dengu, kwa ringgit mbili hivi, zaidi au pungufu kufuatana na mtaa. Teh tarik ni chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kopo hadi kopo kwa mkono ulionyooshwa juu hadi itoe povu, na kuitazama ikimiminwa ni bure. Asubuhi tafuta nasi lemak, wali uliopikwa kwa tui la nazi, pamoja na dagaa wa kukaanga, karanga, yai na pilipili, umefungwa katika jani la mgomba. Mtu wa pwani akifungua kifurushi hicho atanyamaza kidogo.

Kwa mikahawa ya wali na mboga, inayoitwa nasi campur, utaratibu ni kujipakulia. Kisha mhudumu huitazama sahani yako na kukadiria bei kwa jicho. Jicho hilo huwa la haki, lakini halina mizani. Pakua, simama, onyesha sahani, sikia bei, kisha keti. Ukikaa na kula kwanza, umepoteza nafasi ya kurudisha kipande cha pili cha kamba, na kamba ndiye anayepandisha bei.

Katika mikahawa ya kisasa iliyomo ndani ya majumba ya maduka utakuta bei inafuatwa na alama mbili za kujumlisha, namna hii: 30++. Nimewauliza wasafiri wengi maana yake na wengi hudhani ni pambo. Alama ya kwanza ni ada ya huduma, kwa kawaida asilimia 10. Ya pili ni kodi ya huduma, ambayo kwa chakula ni asilimia 6. Ringgit 30 yako imekuwa 34 na sen 80. Hakuna uhalifu hapo, ni mkia tu, nao umevaa nguo rasmi. Kwa kuwa ada ya huduma imekwisha kutozwa, huwajibiki kuacha bakshishi.

Maji ya bomba wenyeji huyachemsha au kuyachuja kabla ya kunywa. Nunua chupa moja, kisha uijaze kwenye mashine za maji zilizopo mitaani, kwa sarafu chache.

Na duriani? Ndugu zangu wa Unguja wanaijua, pamoja na shokishoki, nao watajiona wako nyumbani. Wengine watakutana nayo mara ya kwanza kwa pua. Huuzwa kwa kilo, na kilo hiyo ni pamoja na ganda la miiba. Tuseme bei ni ringgit 30 kwa kilo na tunda lina kilo mbili: utalipa 60, na nyama utakayokula huenda isifike hata theluthi ya uzito ule. Aina zenye majina makubwa, kama Musang King, hupita bei hiyo kwa mbali. Muuzaji mwema hukufungulia tunda na kukuonjesha kabla ya malipo, na tunda bovu hulibadilisha. Mwambie alipime ukiwa unaitazama mizani, tena kabla kisu hakijaligusa, kwa maana duriani ikishafunguliwa majadiliano yamekwisha. Kuleni pale pale. Hoteli nyingi zimepiga marufuku harufu ile vyumbani, na faini ya usafi ni ghali kuliko tunda.

Nimesema sana juu ya kulipa. Niseme sasa juu ya yasiyolipiwa, kwa kuwa ndiyo yaliyonirudisha kule mara tatu. Minara pacha ya Petronas, yenye urefu wa mita 452, ndiyo iliyokuwa majengo marefu kuliko yote duniani tangu 1998 hadi 2004. Kupanda hadi daraja lililoiunganisha kwenye ghorofa ya 41 na 42 kuna kiingilio, na mgeni hutozwa zaidi ya mwenyeji. Msikasirike kwa hilo, nasi katika mbuga zetu tunafanya vivyo hivyo. Lakini minara yenyewe haionekani ukiwa ndani yake. Huonekana ukiwa chini, katika bustani ya KLCC iliyobuniwa na Mbrazili Roberto Burle Marx, jioni, taa zinapowaka na chemchemi za ziwa zinaporuka kwa rangi. Bustani ni bure, nyasi ni bure, na kando yako familia nzima ya wenyeji inakula karanga. Kutoka hapo kuna njia ya waenda kwa miguu iliyofunikwa na yenye kiyoyozi, zaidi kidogo ya kilomita moja, hadi Bukit Bintang. Mvua ya alasiri ikishuka, nayo hushuka kweli kweli, njia hiyo ni sadaka.

Msikiti wa Jamek wa mwaka 1909 umesimama pale mito ya Klang na Gombak inapokutana, mahali palipoupa mji jina lake, yaani makutano ya tope. Msikiti wa Taifa ulifunguliwa mwaka 1965. Yote miwili hupokea wageni nje ya nyakati za sala, na katika Msikiti wa Taifa asiye na vazi la staha huazimwa joho bila malipo. Mapango ya Batu yapo kaskazini mwa mji, na treni ya Komuter hukufikisha hapo kwa chini ya ringgit tano. Utapanda ngazi 272 zenye rangi zote za upinde wa mvua, chini ya sanamu ya dhahabu ya Murugan, na pango kuu la hekalu halina kiingilio. Wenye kaptula fupi hukodishwa nguo ya kujifunga pale chini, kwa hiyo chukueni kanga yenu. Nyani wa pale ni wezi wenye uzoefu. Nilipoteza mkate wangu kwao na sikupewa risiti. Wanaume waangalie wasiingie behewa lenye alama za waridi, ni la wanawake peke yao.

Barabarani vaa begi upande wa mbali na magari, kwa sababu wapo waporaji wa pikipiki.

Ndugu zangu, kuna mkia mmoja ambao sitaki kuuzungumza kwa mzaha. Msafiri mwenye fedha kidogo ndiye anayetafutwa na mtu mwenye tiketi ya bure. Atakuja kwa njia ya rafiki wa rafiki, au ujumbe wa simu: nauli ya kwenda Malaysia imelipwa, hoteli imelipwa, chukua tu begi hili la nguo, umfikishie dada yangu. Au utakuwa tayari uko Kuala Lumpur, fedha zimeisha, na mtu mwema bwenini atakuomba umsafirishie kifurushi. Sheria ya dawa za kulevya ya Malaysia ni kali kupita tunavyozoea. Mwaka 2023 nchi hiyo iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo, lakini jaji bado anaweza kuitoa kwa msafirishaji, na asipoitoa, kinachobaki ni miongo ya miaka gerezani. Anayekutwa na begi hutakiwa aeleze, na maneno kwamba sikujua kilichomo yamesemwa mbele ya mahakimu mara nyingi mno. Fungasha begi lako mwenyewe, lifunge mwenyewe, usilitoe machoni. Safari yenye bei ya sifuri uliza mkia wake kwa sauti kubwa kuliko nyingine zote, na uulize ukiwa bado sebuleni kwenu, mbele ya mama.

Tuseme umetahadhari na bado umetapeliwa. Malaysia ina wizara yenye jina linalonipendeza, Wizara ya Biashara ya Ndani na Gharama za Maisha, nayo hupokea malalamiko ya walaji, yakiwamo ya bei zisizoonyeshwa, kwa kuwa kuonyesha bei ni wajibu wa muuzaji kisheria. Lipo pia Baraza la Madai ya Walaji, lililoundwa chini ya Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 1999. Ada ya kufungua dai ni ringgit 5 na huhitaji wakili. Ugumu ni kwamba kusikilizwa kwa dai huchukua muda, nawe ndege yako ni Alhamisi. Kwa hiyo mambo mengi humalizwa pale pale kaunta, na silaha yako ni karatasi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha ya kibao cha bei kabla ya kuagiza, picha ya mita, picha ya ukurasa wa nafasi uliyoweka hosteli pamoja na masharti ya kughairi. Kama ulilipa kwa kadi, andikia benki yako mapema, ukiambatanisha picha hizo, na uombe malipo yapingwe. Nimeona watu wakirudishiwa fedha zao wakiwa wamekwisha kufika nyumbani. Wote walikuwa na picha.

Safari yangu ya tatu nilirudi katika mtaa ule wa vyakula. Kibao kilikuwa kipya, maandishi bado ya sisimizi. Nilichagua samaki mdogo, nikamwomba kijana ampime mbele yangu, nikauliza semua sekali berapa pamoja na wali na chai. Akaandika jumla kwenye kikaratasi, nami nikakiweka chini ya glasi hadi nilipomaliza kula.

Sasa naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Karibu, dada, uliza.